Maziwa Yaliyobaki

Kijiko kiligonga kikombe. Ti, ti, ti. Kimya, halafu tena: ti, ti. Kulikuwa bado giza. Mume wangu Lukeba alikuwa amenipa mgongo, anapumua polepole kama mtu anayejifanya amelala. Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, kwa Bibi Zuwena. Nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja wa matofali ya udongo, na kila upande unajua mwenzake anapika nini na anagombana na nani. Nikajua anamnywesha mjukuu wake. Anachota maziwa ya kopo, anagonga kijiko ukingoni ili lile tone la ziada lidondoke, anamwekea mdomoni. Baadaye mtoto akalia. Kilio chake kilikuwa chembamba, kama bawaba ya dirisha inayotaka mafuta.

Maziwa yangu yakashuka.

Sikuyaita. Yalishuka yenyewe, yakalowesha kitenge nilichofungwa kifuani, yakapita mpaka kwenye shuka. Nikabaki nimelala vilevile, nikihisi shuka linavyopoa. Mtoto wangu tulikuwa tumeshamzika. Kifua hakikuwa kimeambiwa.

Alikuwa wa kiume. Aliishi kidogo sana, hata hatukuwahi kumpeleka kanisani kuwekewa mikono na kutajwa jina. Kwenye mazishi Pasta Léonard alisema "mtoto huyu", nasi tukaitikia Amina. Watu walikuja, wakaimba, wakakaa kwenye mikeka, wakala, wakaondoka. Lukeba alilia. Mume wangu anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua mawese, njia ya Kigwena, na rangi ile haimtoki kwenye kucha hata Jumapili. Nilimtazama akilia, nikaona ana doa la mawese begani, nikawaza kwamba doa lile halitatoka kwa sabuni ya kawaida. Nilichowaza siku ile ni hicho tu.

Aliyenifunga kifua ni Mama Eliana, kiongozi wa kina mama wa kanisa letu. Alinizungushia kitenge, akaweka goti mgongoni mwangu, akavuta.

"Shika pumzi, mwanangu. Maziwa ya kilio hayana kazi. Yakikuumiza sana, kamua kidogo, ukamwage chini ya mugomba. Usimwage njiani."

"Njiani kuna nini?"

"Usimwage tu."

Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba na kikombe cha plastiki, nikakamua, nikamwaga kwenye shina la mgomba, nikarudi kumwoshea Ange uso. Ange ni binti yetu, ana miaka minne. Tangu mazishi alikuwa hasogelei watoto wachanga. Akipita mwanamke amebeba mtoto mgongoni, yeye anahamia upande mwingine wa njia. Nililiona hilo pia. Nililiona kama mtu anavyoona gari likipita.

*

Asubuhi ile ya kijiko, Bibi Zuwena alikuja kwetu.

"Hodi."

"Karibu, bibi."

"Amahoro, Mama Ange," akanisalimia kwa Kirundi.

"Amahoro."

Alikaa bila kungoja kuonyeshwa kiti. Bibi Zuwena ni Mwislamu, mtu wa hapa hapa Rumonge. Babu yake alitoka Ujiji na kufa akiuza chumvi sokoni. Binti yake Hadjara alijifungua wiki ileile niliyojifungua mimi. Walimpasua, damu ikakataa kukatika, akapelekwa Bujumbura kwa ambulansi pamoja na mume wake Anwari. Mtoto akabaki kwa bibi yake. Sasa alikuwa ndani ya kanga yake, kitu kidogo kisichochezacheza. Nikatazama kalenda ukutani.

"Usitazame kalenda," akasema. "Sikuja kukuliza. Nimekuja kuomba. Kama utakasirika, kasirika haraka, huyu hana muda."

"Sikasiriki."

"Kopo anatapika. Na lile lisilotoka juu linatoka chini. Jana wamemutundikia maji hospitali, wamemurudisha. Muuguzi ananiambia, bibi, huyu anataka maziwa ya mwanamuke. Nikamuambia, na mimi niko mwanamuke, lakini kiwanda kilifungwa zamani."

Alisubiri nicheke. Siku nyingine ningecheka mpaka nishike ukuta. Alipoona sicheki, akashusha sauti.

"Wewe unayamwaga kwenye mugomba, Mama Ange. Nakuonaka kupitia tundu la ua. Unisamehe, lakini nakuonaka."

Nikakaza fundo la kitenge.

"Damu yako walipima?"

"Walipima kliniki, na siku ya kujifungua tena. Iko salama."

"Alhamdulillahi. Sikiliza basi, nikuambie yote usije ukasema bibi alinificha. Kwetu hili si jambo la siri. Anwari amekubali kwa simu. Hadjara amekubali, analia huko kitandani lakini amekubali. Shekhe nimemuuliza. Ukimunyonyesha huyu Tahiri akashiba, akarudia, akarudia tena, wewe unakuwa mama yake. Siyo kama mama. Mama. Yeye na Ange wanakuwa ndugu, hawaoani mpaka kiama. Siku Ange anaolewa, huyu ana haki ya kukaa mbele na kudai soda yake."

"Na mimi ni Mkristo."

"Kwani maziwa yamebatizwa?"

Mtoto akafungua mdomo ndani ya kanga. Hakulia, alifungua tu, akafunga. Nikahisi kitenge kinalowa upya, nikakunja mikono kifuani ili asione.

"Nipe nafasi niulize," nikasema.

"Umuulize nani?"

"Baba Ange. Na kanisa."

Alinyanyuka, akajiweka sawa na mzigo wake.

"Uliza. Lakini uliza ukitembea."

*

Nilimpigia Lukeba simu. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake.

"Unasema nani anyonye?"

"Mtoto wa Hadjara."

"Nani?"

"Mtoto wa Hadjara!" nikapiga kelele. "Anyonye kwangu!"

Mashine ikazimwa. Nadhani wakamuaji wote wa Kigwena walinisikia. Nyuma ya Lukeba mtu mmoja akakohoa.

"Aksanti," akaniita kwa jina hatimaye, polepole, "mimi sijui. Nikikuona na mutoto mwengine hapo… sijui nitafanya nini. Nenda kwa Pasta. Yeye anajua Maandiko."

"Sawa."

"Umekula?"

"Nitakula," nikasema. Sikula.

Pasta Léonard hutengeneza baiskeli mbele ya kanisa siku ambazo si za ibada. Ni mtu mwema. Tulipovuka ziwa kutoka Baraka na godoro moja, Ange akiwa bado mgongoni, yeye ndiye aliyetupa chumba cha nyuma ya kanisa mpaka Lukeba alipopata kazi. Nilimkuta amechuchumaa, mnyororo wa baiskeli mapajani, na Mama Eliana yuko pale pale kwenye benchi anachambua mchele wa wagonjwa. Nilitamani asiwepo. Lakini alikuwepo, basi nikasema mbele ya wote wawili.

Mama Eliana hakuniacha nimalize.

"Hapana. Pasta, unisamehe nikutangulie, lakini hapana. Maziwa ya kilio hayapewi mutoto. Yana baridi ya kaburi, mama yangu aliniambia, na mama yake alimuambia. Sasa akinyonya halafu akafa mikononi mwa huyu? Mutaa utasema nini? Utasema Mukristo wa kutoka Kongo ameua mutoto wa Waislamu. Mumesahau tunakaa hapa kwa amani ya nani?"

"Mama Eliana," Pasta akasema.

"Na huo undugu! Ange kuwa ndugu na mutoto wa msikitini, kwa sheria ya nani? Kesho watamudai na mahari."

"Mama Eliana, pole pole."

"Mimi nampenda huyu binti, ndiyo sababu ninapiga kelele."

Hilo lilikuwa kweli. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameketi nami kitandani usiku wote ule mtoto wangu alipokuwa anapoa, na hakuna aliyemwomba.

"Maandiko yanasemaje, Pasta?" nikauliza.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Musa alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe, ingawa binti Farao hakujua. Samweli alinyonya kwa Hana mpaka akaachishwa. Lakini hili lako, mama amefiwa, na mutoto ni wa jirani, na jirani ni wa dini nyingine, na ndugu zake wanalifanya undugu… Sijaona mahali limeandikwa. Nisichokiona siwezi kukisema kwa jina la Bwana. Nikikuambia ndiyo, nitakuwa nimesema mimi. Nikikuambia hapana, nitakuwa nimesema mimi."

"Basi tufanye nini?"

"Tufunge. Wewe, Lukeba, mimi, kina mama. Bila chakula, bila maji, mpaka Bwana atupe neno."

Mama Eliana akaitikia Amina kwa nguvu. Nami nikaitikia. Kwetu ndivyo mambo yanavyokwenda. Swali lenye mstari tunalijibu kwa mstari; swali lisilo na mstari tunalifunga. Mtu akitaka kuolewa, anafunga. Akitaka kuhama nyumba au kwenda kutafuta kazi Bujumbura, anafunga. Sisi wenyewe hatukupanda boti Baraka kabla ya kufunga. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nimetulia, kama mtu aliyekwisha kupeleka barua yake mahali panapofaa.

Njiani nilipita mlangoni kwa Bibi Zuwena.

"Tunaomba, bibi."

"Ombeni," akasema.

*

Kufunga hakukuwa na uzito. Nilimsongea Ange bugali, nikamkaangia ndagala wa ziwani, nikamtazama akila, na harufu ile haikuniita. Lukeba alirudi kutoka kazini, akafunga naye, akakaa kizingitini akitazama miguu yake mpaka giza likaingia. Tulipiga magoti wote wawili kando ya kitanda. Yeye aliomba kwa Kibembe, lugha ya mama yake, na sauti yake ilikatika mara mbili. Mimi niliomba kwa Kiswahili. Nilisema, Bwana, nionyeshe. Nikasema tena, Bwana, nionyeshe. Maneno yalikuwa kama mawe madogo niliyokuwa nayahamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

Siku iliyofuata nilifungua Biblia mezani. Nilisoma zaburi, nikasoma kwa Elisha na yule mama Mshunami, nikafunga haraka kwa sababu mtoto wa yule mama alifufuka. Sikuwa na hasira. Nilifunga tu, kama unavyofunga dirisha vumbi likiingia. Mchana Bibi Zuwena alipita uani kwetu kuchota maji, na hakuniuliza kitu. Aliniangalia mara moja tu. Nilimwambia, "Bado, bibi." Alitikisa kichwa, akajaza ndoo yake.

Nilianza kusikiliza ukuta. Kijiko kiligonga asubuhi. Kiligonga adhuhuri. Kilio sikukisikia adhuhuri, wala jioni. Nilijiambia amelala.

Asubuhi ya pili ya mfungo nikachukua kikombe, nikaenda kwenye mgomba. Nilifungua kitenge, nikakamua. Yakatoka matone. Nikabadilisha upande. Matone. Nilikamua mpaka ngozi ikauma, nikainua kikombe kwenye mwanga: maziwa hayakufunika hata chini ya kikombe.

Hapo ndipo hofu ikanishika.

Sijui niielezeje. Haikuwa kubwa. Ilianzia miguuni, kwenye umande, ikapanda mpaka magotini. Lakini ilikuwa kitu cha kwanza kunifikia tangu mazishi. Wakati wote ule nilikuwa nayachukia maziwa yale bila hata nguvu ya kuyachukia, nikingoja yakauke kama alivyoahidi Mama Eliana. Sasa yalikuwa yanakauka, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya choo nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nikisema kwa sauti, "Hapana, hapana, subiri."

Watu wazima wanne tulikuwa tumekubaliana kufunga ili tujue kama mtoto apewe maziwa, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mwanamke asiyekula wala kunywa hana maziwa ya kutoa. Mama Eliana amezaa saba! Lakini ndivyo tulivyozoea, na mazoea hayaulizwi.

Nikakumbuka mahubiri. Masika yaliyopita Pasta Léonard alifundisha kuhusu Bwana Yesu na wale walimu waliokasirika kwa sababu ameponya mtu siku ya sabato. Aliwauliza, ng'ombe wako akidumbukia kisimani siku ya sabato, utamngoja mpaka kesho? Pasta akasema, sisi hapa Rumonge hatuna ng'ombe wengi, basi tuseme mbuzi wako ametumbukia kwenye choo cha jirani wakati wa ibada. Utaniinulia mkono uniulize, Pasta, tufunge kwanza? Kanisa lote lilicheka. Mama Eliana alicheka mpaka kilemba kikalegea. Mimi pia nilicheka, nikiwa na mimba ya miezi mitatu ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Hakuna sauti iliyonijia pale kwenye mgomba. Sikuona mwanga wowote. Niliona kikombe karibu kitupu, na neno ambalo tulikuwa tunalisubiri kwa njaa lilikuwa limekwisha kusemwa, na tukalicheka, tukaenda nyumbani kula.

Sikumwaga. Niliingia ndani, nikafunua sufuria. Kulikuwa na bugali baridi wa Ange na sombe kidogo, yale majani ya muhogo. Nikaanza kula nikiwa nimesimama.

Lukeba akatoka chumbani.

"Unakula?"

"Nakula."

"Aksanti, mufungo."

"Maziwa yanakwisha, Lukeba."

Nilimwonyesha kikombe. Alikitazama, akanitazama mimi, mdomo wangu umejaa bugali. Uso wake ulifanya kitu, nikadhani atakasirika, au atalia tena. Badala yake alichuchumaa mbele ya mbabula, akapuliza makaa. Akabandika maji, akatafuta unga. Mume wangu hajawahi kupika uji. Aliukoroga wenye mabonge kama mawe ya mto, akanipa bakuli kubwa na kunisimamia.

"Kunywa. Na maji kunywa."

"Na wewe?"

"Mimi nitaendelea kufunga," akasema. "Nitafunga ya kwangu na ya kwako. Wewe kula."

*

Bibi Zuwena alifungua mlango kabla sijamaliza kubisha. Hakuuliza nini kimenileta. Aliketi mkekani, akanipisha mahali pa kuegemea ukuta, na kwa sauti ileile aliyotumia kuniita tangu nihamie hapo, akaita kupitia dirishani:

"Latifa! Latifa we! Njoo hapa haraka, acha hiyo sufuria!"

Latifa ni jirani wa upande wa pili, mke wa fundi viatu. Aliingia akifuta mikono.

"Kaa hapo. Utazame. Wewe ni shahidi."

"Shahidi wa nini, bibi?"

"Wa kunyonya. Miaka ishirini ijayo mimi nitakuwa udongo, na huyu anaweza kumuona Ange sokoni akampenda. Nani atasema hapana? Wewe utasema."

"Na mimi nikiwa udongo?"

"Basi muambie binti yako. Kaa."

Akanipa Tahiri. Alikuwa mwepesi kuliko wangu. Midomo yake ilikuwa mikavu, na ngozi ya tumbo, nilipoigusa, ilibaki imekunjamana pale nilipoiacha. Sitasema nilimpenda. Nilimshika kama unavyoshika chombo cha mtu. Nilipoweka titi mdomoni mwake hakulivuta. Aligeuza uso, akachoka na kule kugeuza, akafumba macho.

"Hajui tena," Latifa akanong'ona.

"Nyamaza," akasema Bibi Zuwena.

Nikakamua kwa vidole. Tone likaanguka kwenye mdomo wa chini, likakaa. Nikakamua jingine. Ulimi ukatoka, mdogo, mweupe juu yake, ukalichukua. Nikakamua tena, na tena, mkono ukaniuma, na jasho likanishuka mgongoni. Uji wa Lukeba ulikuwa tumboni kama jiwe. Niliwaza: labda nimechelewa. Niliwaza kwa utulivu kabisa kwamba nikichelewa hapa nitajua daima nilikuwa wapi, nilikuwa nyumbani kwangu nimefunga, ukuta mmoja tu kati yetu.

Kisha akashika.

Alishika kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Mshipa ukavutika kutoka kwapani mpaka kwenye chuchu, nikauma meno. Maziwa yakashuka. Yalikuwa machache, lakini yalishuka, na nikasikia koo lake likimeza. Latifa aliweka mkono mdomoni. Nilingoja kulia. Nilidhani sasa ndipo nitalia, kwamba ndivyo inavyokuwa. Sikulia. Aliyelia ni Bibi Zuwena, ameinamia mkeka, kanga imemfunika uso.

"Usinitazame," akasema. "Tazama mutoto."

Baadaye, alipojipangusa, akaniuliza mbona maziwa yamepungua. Nikamweleza kuhusu mfungo. Alinikodolea macho.

"Mulifunga? Wewe? Mwanangu, hata Ramadhani mama anayenyonyesha anaruhusiwa kula!"

"Hatukufikiri, bibi."

"Hamukufikiri." Alifungua mdomo aongeze, akaufunga. Nadhani ilimgharimu sana kuufunga. Alikwenda jikoni akarudi na mchuzi wa ndagala uliobaki jana, akaniwekea mbele.

Tahiri alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena. Latifa alitoka, akarudi, akahesabu kila kunyonya kwa vidole vyake jinsi shekhe alivyoagiza. Jua lilipanda. Nilikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Kila mara yaliposhuka yalikuwa mengi kidogo kuliko mara iliyotangulia, au nilitaka kuamini hivyo.

Adhuhuri kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Mama Eliana. Alikuwa anazunguka nyumba za wafungaji kuwatia moyo, hakunikuta kwangu, akafuata sauti. Alisimama pale na Biblia yake kwapani, kilemba cheupe, midomo imepasuka kwa kiu. Hakuna aliyesema karibu. Bibi Zuwena alinyanyuka nusu, kama mtu anayejiandaa.

Mama Eliana alinitazama kifuani. Kitenge alichonifunga kilikuwa kimekunjwa chini ya kichwa cha mtoto.

"Umevunja mufungo."

"Ndiyo, mama."

"Umekula nini?"

"Bugali. Na uji. Na ndagala."

Tahiri alikuwa anameza, na chumba kizima kilikuwa kinamsikiliza akimeza. Mama Eliana aliegemea mlango. Nikaona anahesabu kitu kichwani, na nikaona siku zote zile za mfungo zinampita usoni, na watoto wake saba, na jambo ambalo kila mama aliyezaa analijua.

"Mimi ndiye niliyeitikia Amina," akasema.

"Sote tuliitikia."

"Bado ninaogopa, Aksanti."

"Na mimi ninaogopa, mama."

Alitikisa kichwa, akajishika kiuno.

"Karanga. Saga karanga uweke kwenye uji, zinaleta maziwa. Pasta nitamuambia mimi." Akamgeukia Bibi Zuwena, akasita, akamsalimia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Amahoro, mama. Binti iko vipi?"

"Amahoro. Jana aliketi kitandani. Alikunywa chai."

"Tutamuombea."

"Murakoze," akashukuru Bibi Zuwena. "Lakini wewe kwanza kunywa maji, utaanguka mulangoni kwangu."

"Mimi bado nimefunga."

"Basi kaa kivulini ufunge ukiwa umekaa."

Alikaa. Hakuingia ndani kabisa. Alikaa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Sijui kama Tahiri ataishi. Naandika nikiwa sijui. Ngozi ya tumbo lake nilipoigusa alasiri ile ilirudi mahali pake polepole, lakini ilirudi. Ndani yangu kulikuwa bado kumekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ila pembeni kabisa palikuwa panaanza kuchomachoma. Sikutaka kuligusa lile. Nililiacha lichome.

Ange alikuwa uani na watoto wa Latifa. Sikumwita. Aliingia mwenyewe, akamruka Mama Eliana kizingitini, miguu ina tope, akasimama mbali kidogo na mkeka. Alimtazama mtoto. Alisogea hatua, akasimama, akasogea tena. Mtoto alikuwa ameshiba, ameachia titi, shavu lake limelala kwenye mkono wangu. Ange alifuta kiganja chake kwenye gauni, mbele na nyuma, akakiweka mgongoni kwa Tahiri, akakiacha hapo. Alikaa hivyo mpaka nikaona kiganja chake kinainuka na kushuka, kinainuka na kushuka.

Akaniinulia uso.

"Mama, huyu anapumua."